MAMA NA MAKINDA YAKE: FUNDISHO JUU YA YATIMA WA MSITU

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mithali 12:10, Yona 4:10-11, Yakobo 1:27



Tunawaandikia kutoka Keshero tukiwa bado na uzima, na kwa neema hiyo tu tunapaswa kusema asante.

Katika fundisho hili tunataka kutazama jambo lisilosemwa mara nyingi mimbarani. Ni habari ya zile nyumba za hapa Kivu wanamolelewa nyama wa pori waliobaki yatima, na ya watu wadogo wa vijijini waliokubali kuzibeba nyumba hizo mabegani mwao. Tunajua mtu atauliza papo hapo: "Watu wanakufa, watoto wa watu hawana chakula, nanyi mnatuletea habari za ngagi na sokomutu?" Swali hilo ni la haki. Hatutalikimbia, tutalijibu mahali pake. Lakini kwanza Neno la Mungu liseme.

1. AMRI NYEPESI YENYE AHADI NZITO

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa anawapa Waisraeli sheria za nyumba, za shamba na za njiani. Katikati yake kuna sheria ya kiota. Mtu akipita njiani akakuta kiota, juu ya mti au chini, na mama amelalia mayai au makinda yake, asimchukue mama pamoja na watoto. Amwache mama aende zake.

Walimu wa Wayahudi wa zamani waliihesabu hii kuwa amri nyepesi kati ya zile nyepesi. Haigharimu kitu. Mtu anaacha ndege mmoja tu, kisha anaendelea na safari yake. Lakini, wapendwa, someni mwisho wa aya ya 7. Kuna ahadi ya heri na ya siku nyingi. Sasa rudini katika sura ya 5, aya ya 16, mtazame amri ya kuheshimu baba na mama. Ahadi ni ile ile! Mungu ameweka ahadi moja juu ya mama aliyetuzaa na juu ya mama wa ndege porini.

Kwa nini? Fikirini jinsi ndege huyo anavyokamatwa. Ndege ana mabawa. Akisikia hatua za mtu, anaweza kuruka. Asiporuka ni kwa sababu ya makinda yake. Basi anayemkamata pale hakumshinda kwa mbio wala kwa akili, amemshinda kwa kutumia upendo wake kama mtego. Hilo ndilo Mungu analolikataza. Mtu akizoea kutega kwa upendo wa mama, hata mama wa ndege, moyo wake umekwisha kufunguka kwa mambo mengine mabaya zaidi.

Sasa tuingie katika msitu wetu. Mtoto wa ngagi hukaa mgongoni na kifuani mwa mama yake, akinyonya kwa miaka mitatu hivi au zaidi. Hakuna mwindaji anayeweza kumchukua mtoto huyo kwa amani. Mama hamwachi. Na dume mkubwa wa jamaa, mwenye mgongo mweupe, hakimbii, anasimama mbele ya watu wake. Ndiyo maana anayetaka kumuuza mtoto mmoja huua kwanza mama, na mara nyingi huua pia wale wanaokuja kumtetea. Hiki ndicho kiota cha Kumbukumbu la Torati, wapendwa, nacho kiko hapa, kati ya Nyiragongo na Rutshuru.

2. SAHANI SAFI HAITOSHI

Sisi Wakimbanguisti tunajulikana kwa amri zetu. Hatunywi pombe, hatuvuti tumbaku, hatuchezi ngoma za dunia, hatuli nyama ya nguruwe wala ya nyani. Majirani wengine hutucheka kwa hii ya mwisho. Wanasema, "Nyama ni nyama." Tusione haya. Hapa kwetu Kivu amri hii ina mashahidi wanaoonekana kwa macho.

Nendeni Lwiro, ng'ambo ya ziwa, katika Kivu ya Kusini. Tangu mwaka 2002 kuna kituo pale, kilichoanzishwa na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN, kwa ajili ya sokomutu na nyani walio yatima. Kimelea zaidi ya sokomutu 100. Walitoka wapi? Wengi wao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama, na mtoto, kwa kuwa ni mdogo na hana nyama ya kutosha, akauzwa akiwa hai. Mkiona sokomutu mdogo amefungwa kamba kiunoni na watu wanamchekelea, jueni kwamba nyuma yake kuna chungu alimopikiwa mama yake.

Basi tunaposhika amri hii, chungu hicho hakiwi chetu. Tumshukuru Mungu. Lakini tuseme ukweli wote: sahani safi haitoshi. Katika mfano wa Bwana Yesu, kuhani na Mlawi waliopita kando ya yule mtu aliyepigwa hawakumpiga wao. Mikono yao ilikuwa safi. Walipita wakiwa safi, na mtu akabaki akivuja damu njiani. Mtume Yakobo naye anatuonyesha dini iliyo safi mbele ya Mungu. Kujilinda na uchafu wa dunia kumo ndani yake, lakini anataja kwanza kuwaendea yatima na wajane katika shida yao.

Kwa hiyo kanisa letu halikupewa neno moja. Lilipewa maneno matatu, nasi tunayasema tangu utoto: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Upendo, Amri, Kazi. Amri iko katikati. Upande mmoja inashikwa na Upendo, upande wa pili inashikwa na Kazi. Ukiondoa hayo mawili, amri inakuwa ua usio na nyumba ndani yake.

3. UPENDO: WALE WALIOBEBA

Ninyi mlio watu wazima mnaukumbuka mwaka 2007. Mwezi wa Juni walinzi wa Parke ya Virunga walimkuta mtoto wa ngagi mwenye miezi miwili tu, ameshikamana na maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Mtoto huyo aliitwa Ndakasi. Mlinzi mmoja, André Bauma, alimpokea, na usiku ule akamlaza kifuani pake apate joto, maana mtoto wa ngagi akikosa kifua cha mama hufa upesi.

Tarehe 22 Julai mwaka ule ule yakatokea mauaji makubwa zaidi katika jamaa ya Rugendo. Dume lao, Senkwekwe, aliuawa pamoja na wake zake. Mmoja wao, Safari, aliacha mtoto, naye akaitwa Ndeze.

Na hapa, wapendwa, ndipo tunapowaomba mtazame sana. Watu wa vijiji walikuja. Pamoja na walinzi walikata miti, wakaifunga iwe machela, wakamlaza Senkwekwe, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 200, wakamtoa msituni mabegani, wanaume wengi chini ya mzigo mmoja. Picha ya msafara huo ilizunguka dunia nzima. Wale waliobeba hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mashamba waliozungukwa na vita, ambao wenyewe walikuwa wamezika ndugu zao. Lakini hawakumwacha aoze kama takataka. Walimbeba kama inavyobebwa maiti ya mwenye nyumba.

Yatima wale wawili waliletwa kwanza hapa Goma, wakalelewa katika mji wetu huu. Baadaye wakapelekwa Rumangabo, katika kituo kilichopewa jina la Senkwekwe. Wengine wakaongezeka, kama Kaboko, dume mdogo aliyepoteza mkono kwa sababu ya mtego. Mwaka 2012, vita ilipofika Rumangabo, walezi hawakuwatupa. Walibaki nao, milio ya bunduki ikisikika. Kaboko alikufa katika siku hizo ngumu. Na Ndakasi, baada ya ugonjwa wa muda mrefu, alikufa tarehe 26 Septemba 2021, amelala mikononi mwa yule yule Bauma aliyempokea miaka 14 nyuma.

Sisi tulio kanisa lililotunzwa na Mama Mwilu Marie, aliyebaki na watoto watatu wadogo wakati Tata Simon Kimbangu alipofungwa mwaka 1921, tunaijua kazi ya kulea. Kifungo kile kilidumu miaka 30, mpaka Tata alipofariki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Hatulinganishi mtu na mnyama. Tunasema tu kwamba kulea hakufanywi kwa maneno. Kunataka kifua, kunataka usiku, kunataka kubaki wakati wengine wanakimbia.

4. JIBU KWA SWALI LA HAKI

Sasa tulijibu lile swali. Watu wanakufa, kwa nini tuseme juu ya nyama wa pori?

Hakuna anayeweza kutufundisha sisi wa Keshero kwamba watu wanateswa. Katika miaka ya 2023 na 2024 makambi ya Bulengo na Lac Vert yalijaa watu karibu na milango yetu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia wakimbizi pale Mugunga. Januari 2025 vita iliingia ndani ya Goma yenyewe. Tumezika, tumelia, tumegawana sahani moja ya bugali na wageni. Tunasema tukiwa ndani ya shida, hatusemi tukiwa nje yake.

Jibu la kwanza liko katika Yona. Nabii Yona aliuhurumia mti wake uliokauka, lakini hakuuhurumia mji. Mungu anamwuliza habari za Ninawi, anataja watu wake zaidi ya 120,000, kisha katika pumzi ile ile anataja wanyama wengi waliomo. Je, hesabu ya wanyama ilipunguza hesabu ya watu? Hapana. Huruma ya Mungu si kama gunia la unga, kwamba ukimpa huyu kikombe yule atakosa. Nanyi mmeliona hili kwa macho. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye mji ukaamriwa kuhama, barabara ya Sake ilijaa watu. Wamama walikuwa na mtoto mgongoni, furushi kichwani, na kamba ya mbuzi mkononi. Wengine walibeba kuku kwapani. Hakuna aliyewauliza kwa nini wanamhurumia kuku wakati wa msiba. Mwenye haki, asema Sulemani katika Mithali, anaijua hali ya mnyama wake.

Jibu la pili ni zito zaidi. Kwa nini jamaa ya Rugendo iliuawa? Nyama yao haikuliwa. Wengi waliochunguza habari ile waliihusisha na biashara ya makala. Ngagi ndio sababu kubwa ya kulinda msitu ule; ngagi wakiisha, nani ataulinda? Na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba vikundi vya silaha vimejipatia pesa katika makala ya Virunga. Pesa hiyo inanunua risasi. Risasi hiyo inamfukuza mama wa Rutshuru na wa Masisi kutoka shambani mwake. Basi yatima wa msitu na yatima wa kambi wana adui mmoja. Anayemtetea mmoja hajamwacha mwingine.

Tusisahau pia damu ya walinzi. Zaidi ya 200 wameuawa katika Parke hii. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa kwa siku moja: walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne. Hao ni watoto wa watu, wengine walizaliwa katika vijiji vinavyopakana na Parke. Wajane wao na yatima wao ndio Yakobo anaosema tuwaendee.

5. KAZI: MFANO WA KASUGHO

Mtu atasema, "Hayo ni mambo ya serikali na ya wazungu wenye pesa." Tuwaonyeshe Kasugho, katika teritware ya Lubero, kwa ndugu zetu.

Katika miaka ya mwisho ya 1990, nchi ikiwa vitani, wami wa Batangi na wa Bamate pamoja na watu wao walikubaliana kutenga msitu wao wa Tayna, ngagi na nyama wengine wakae humo salama. Hawakungoja amani ifike kwanza. Serikali ilikuja kuutambua msitu huo mwaka 2006. Na mwaka 2009, kando ya msitu huo huo, kikaanzishwa kituo cha GRACE cha kulea ngagi yatima wa aina ya nchi za chini, wale wa Kongo peke yake. Mwezi wa Aprili 2010 helikopta ya MONUC iliwabeba yatima wanne kutoka Goma yetu hii kuwapeleka kule.

Tangu hapo ni nani anayewalisha? Wanaokaa na ngagi kila siku ni Wakongomani, watu wa eneo lile. Chakula kingi hulimwa na wakulima wa jirani. Mama analima, anauza kituoni, anarudi na pesa ya shule ya watoto. Pamoja na kituo watu wamejenga majiko yanayokula kuni kidogo, na wamepanda miti. Yatima wanakula, na kijiji nacho kinakula.

Na matunda yake? Mwezi wa Oktoba 2024 majike wanne waliolelewa Kasugho waliachiliwa huru katika mlima Tshiaberimu, kaskazini ya Parke ya Virunga, mahali ambapo ngagi walikuwa wamebaki chini ya 10. Majina yao ni Isangi, Lulingu, Ndjingala na Mapendo. Walikuja kama watoto wanyonge, mikononi mwa watu. Waliondoka wakiwa watu wazima wa msitu, kwenda kuanzisha jamaa. Hivyo ndivyo kijiji maskini kilivyoweza, kwa sababu kila mmoja alileta alichokuwa nacho: mwami alileta ardhi, mama akaleta ndizi, kijana akaleta usiku wake wa kulinda.

6. NA SISI WA KESHERO?

Sisi hatuna msitu. Tunakaa juu ya mawe ya volkano. Lakini tuna majiko, na kila jiko la Goma linaushika msitu kwa mkono mmoja. Gunia la makala linaloshushwa na chukudu mlangoni lina mahali lilipotoka. Hatumhukumu mama anayepika kwa makala. Watoto lazima wale. Ila kuna mambo tunayoweza, na tunaomba kila familia iyachukue kama kazi ya kanisa:

Kwanza, majiko. Goma inatengeneza majiko bora, kama lile liitwalo Jiko Nguvu, ambayo hupunguza makala yanayoteketea. Wamama wawekeane zamu: mwezi huu tununulie nyumba hii, mwezi ujao ile, tukianza na wajane. Anayepata makala ya miti iliyopandwa kwa kazi hiyo ayachague hayo. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala umewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya namna hiyo. Na aliye karibu na waya wa umeme wa Matebe, akiweza, autumie hata kwa chai tu.

Pili, miti. Tunapenda nsinsani ya miche. Vikundi vishindane kama tulivyozoea, wababa, wamama na vijana, lakini safari hii kikapu kipokee miche. Mawe yetu ni magumu, ndiyo. Tutachimba shimo, tutajaza udongo, tutapanda. Walioijenga Nkamba walibeba mawe kichwani; sisi tutabeba udongo.

Tatu, watoto. Katika shule ya Jumapili wafundishwe amri ya kiota. Wasifunge nyani kamba, wasimpige mbwa mawe, wasicheke mnyama anayeumia. Mtoto anayejifunza huruma kwa mdogo asiye na sauti hatakuwa mwepesi kubeba silaha.

Nne, ulimi. Ukisikia mtu anauza mtoto wa nyani au wa ngagi, usinunue hata kwa nia ya kumwokoa, maana pesa yako itamtuma mwindaji arudi tena msituni. Wajulishe ICCN.

Tano, magoti. Katika maombi yetu tuwataje wajane wa walinzi na walezi wa Rumangabo, Lwiro na Kasugho.

Wapendwa, amri ya kiota ni nyepesi. Mungu hakutuomba tuibebe dunia nzima. Ametuomba tu kwamba, tukipita njiani tukamkuta mama juu ya watoto wake, tusiugeuze upendo wake kuwa mtego. Akiwa ndege, akiwa ngagi, akiwa mama wa kambini mwenye mtoto mgongoni, sheria ni moja, na ahadi ni moja: heri, na siku nyingi juu ya nchi. Nani kati yetu, baada ya miaka hii yote, hazitamani siku nyingi juu ya nchi hii?

Tuombe:

Ee Mungu Baba, uliyefanya agano na Nuhu na kila kiumbe chenye uhai kilichotoka naye safinani, utufanye watu wa kubeba. Utupe upendo unaobaki wakati wengine wanakimbia, amri inayokaa moyoni, na kazi isiyoona haya kuchafuka mikono. Uwafariji yatima wote wa Kivu. Uirudishe amani katika mashamba na katika msitu. Kwa jina la Mwana wako Yesu Kristo, Mwokozi wetu.

Amina.